Barua Niliyomwandikia Bi Vizibo

Ilikuwa mwaka 2003. Hapana, nisianze kwa kukosea. Mwaka 2003 darasa letu bado lilikuwa na mabati ya zamani, yale yaliyotoboka kama chujio, na siku ninayotaka kuisimulia mvua ilinyesha kutwa lakini hapakuvuja hata tone. Basi ilikuwa 2004, muhula wa pili, siku ya Jumatatu. Siku yenyewe naikumbuka kuliko mwaka wake.

Habari hii ni ya msaidizi wangu wa darasa. Mimi nimo ndani yake kama mwiba ulivyo ndani ya mguu.

Tulimwita Bi Vizibo. Jina lake analo, na ni zuri, ila watoto walimpachika hilo likamganda, kwa sababu alitembea na mfuko wa vizibo vya soda. Ukiwa njiani asubuhi utamsikia kabla hujamwona, chakacha, chakacha, halafu huyo anatokea. Aliviokota kila alipopita, milangoni mwa maduka, stendi, kwenye uwanja watu walipofanyia harusi jana yake. Kuna waliodhani ana kasoro kichwani. Kumbe mwenzao anawatafutia watoto vitu vya kuhesabia.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye tabia ya kuinamisha shingo akipita mlangoni hata kama mlango umemzidi kwa shibiri mbili. Alikuwa amemaliza sekondari kwa alama nzuri akaitwa chuo cha ualimu. Baba yake akamnunulia sanduku la bati, fundi akaandika namba yake ya chuo juu ya kifuniko kwa rangi nyeupe, 61. Akaenda, akasoma muhula mmoja. Muhula wa pili akaitwa ofisini, akaambiwa ada haijafika, rudi nyumbani, ukija nayo utakikuta kitanda chako. Nyumbani akamkuta baba yake amelala kitandani hainuki. Kitanda cha chuo akapewa mwingine, na Bi Vizibo akabaki na sanduku.

Miaka ikapita. Aliolewa, akaachika, akarudi kwa mama yake na binti mmoja mdogo. Siku moja akaja shuleni kwetu kuomba kazi ya usaidizi, na wiki ya pili akalileta lile sanduku darasani kuwekea vifaa. 61 ilikuwa bado inasomeka.

Msaidizi wa darasa, kwa wasiojua, ni mtu anayefika wa kwanza na kuondoka wa mwisho. Anafuta ubao, anagawa madaftari, anampeleka nyumbani mtoto aliyeshikwa na homa, anakaa na wale ambao kusoma kunawapiga chenga. Darasa langu la Nne lilikuwa na watoto tisini na wawili. Bila mtu wa pili humo ndani ungepotelea katikati yao wasikuone tena.

Sasa nifike kwangu. Nimekuwa nikizunguka kwa makusudi, mniwie radhi.

Mimi niliitwa mwalimu miaka thelathini na mitatu, lakini shule yangu mwenyewe ilikuwa fupi. Nilimaliza ya msingi, nikakaa nyumbani kuchunga mbuzi wa baba mdogo, kisha zikaja zile siku ambazo madarasa yalikuwa mengi na walimu hakuna. Walichukua kila aliyeweza kuandika jina lake bila kutoka jasho. Tukafundishwa miezi mitatu katika ukumbi usio na madirisha, tukapewa kila mmoja boksi la chaki, tukaambiwa haya, nendeni. Nikaenda.

Mwandiko nilikuwa nao. Hilo sijisifu, ni kweli tu. Herufi zangu zilisimama wima kama askari wa gwaride, na watu waliniletea kadi za harusi niwaandikie majina ya waalikwa. Nikafundisha Darasa la Kwanza na la Pili kwa miaka mingi, nikiwaimbisha watoto, nikiwashika vidole wakichora a na e. Nilikuwa mwalimu mzuri huko chini. Kisha Mwalimu Mkuu, mama mmoja mnene mpole aliyekuwa na miwani miwili na daima akitafuta mmoja, akaniambia, "Mzee wangu, wewe ni mkongwe, nakupandisha Darasa la Nne." Alidhani ananipa heshima.

Darasa la Nne kuna hesabu za sehemu. Nusu, theluthi, robo. Kuzisoma nilizisoma. Nusu na nusu nilijua ni kitu kizima. Ila ukiniambia nijumlishe theluthi na robo, naona giza. Mwanzoni palikuwa na kitabu cha mwalimu chenye majibu nyuma, nikawa nanakili majibu ubaoni kwa mwandiko wangu mzuri na watoto wananakili kwangu. Kisha vikaja vitabu vipya bila majibu. Na nani ningemuuliza? Mkongwe anamuuliza nani?

Wiki ile ya kwanza ya vitabu vipya nilipata mafua. Haya yalikuwa mafua ya kweli, sauti ilikauka kabisa. Nikamwambia Bi Vizibo, ambaye alikuwa na mwezi mmoja tu kazini, "Binti yangu, koo limenikamata. Hebu waoneshe hili somo la leo, mimi nitasahihisha mwandiko huko nyuma." Akafungua sanduku lake. Alikuwa ameshakata maboksi kuwa maduara kama sahani, mengine vipande vitatu, mengine vinne, mengine kumi na viwili. Watoto wakashika vipande mikononi mwao wakaanza kuvipanga, na darasa zima likanyamaza kama maji ya mtungi.

Mafua yakaisha baada ya siku nne. Koo halikuisha.

Likanichukua miaka saba lile koo. Kila tulipofika kwenye sehemu, au kugawanya kwa njia ndefu, nilikohoa mara mbili, nikaiweka chaki kwenye mkebe wake, na Bi Vizibo akainuka. Hatukuwahi kupatana juu ya jambo hilo. Chaki ikilia ndani ya mkebe, yeye huyo ameshasimama. Watoto walidhani ndivyo ratiba ilivyo. Ofisini walimu wenzangu walinihurumia. Huyu kaniletea tangawizi, huyu asali, huyu ndimu na karafuu. Mwalimu wa Darasa la Tano, kijana mmoja aliyeitwa Redio kwa kuwa alikuwa hazimiki, alikuwa akiniambia, "Mzee, hilo koo lako lingekuwa gari ungeshaliuza chuma chakavu." Watu walicheka na mimi nikacheka, nikashika shingo yangu hivi, kama linauma.

Bi Vizibo mwenyewe alinunua chupa ya chai akawa ananiletea maji ya moto kutoka kwao. Kila siku, miaka saba. Ananimiminia kwenye kikombe cha bati, anasema, "Kunywa, Mwalimu, kabla hayajapoa."

Mtasema kwa miaka saba nikikaa nyuma ya darasa ningejifunza. Hata mimi nashangaa. Lakini nilikuwa nimeinamisha kichwa kwenye madaftari, naogopa nisije nikaonekana nasikiliza.

Basi mwaka huo wa 2004 tangazo likaja. Mwalimu Mkuu alilisoma ofisini saa ya mapumziko, kwa miwani isiyo yake. Ofisi ya elimu itawasomesha wasaidizi wa madarasa wawe walimu. Italipa ada yote ya chuo, vitabu na malazi, miaka miwili, masomo wakati wa likizo ili msaidizi asiache kazi. Kila shule mtu mmoja. Awe amefanya kazi katika shule hiyohiyo miaka mitano au zaidi. Na mwalimu wake wa darasa aeleze kwa maandishi, katika bahasha iliyofungwa, kama msaidizi huyo amewahi kufundisha somo zima peke yake, somo gani, na mara ngapi.

Redio akauliza, "Na sisi tuliokwisha kuwa walimu, hakuna msaada wa kutusomesha tuwe matajiri?"

"Wewe kwanza tukusomeshe kunyamaza," Mwalimu Mkuu akamjibu. Kisha akanigeukia mimi. "Mzee, huyu wako si ana miaka saba? Huyu ndiye wetu. Wengine wote hawajafika mitano. Iliyobaki ni barua yako tu."

Nikasema ndiyo, ni barua yangu tu.

Bi Vizibo alisikia habari hiyo akiwa darasani. Alikwenda kwenye sanduku, akapiga magoti, akatoa maboksi yote na vizibo vyote, akakung'uta vumbi, akarudisha kimoja kimoja. Baadaye akanijia mezani.

"Mwalimu, nina thelathini na nne. Nikingoja tena nitakwenda chuo na mkongojo."

"Hutangoja, binti yangu."

"Utaniandikia?"

"Nitakuandikia."

Niliiandika Jumapili mchana, mezani nyumbani, mke wangu akichambua mchele upande wa pili wa meza ileile. Nilitoa karatasi safi, nikapiga mistari kwa penseli, nikaandika yote. Niliandika kwamba amefundisha hesabu za sehemu na za kugawanya kwa miaka saba, peke yake, darasa zima, na kwamba watoto wa Darasa la Nne wanaofaulu hesabu wanafaulu kwa mikono yake. Ilikuwa barua nzuri. Ukurasa mzima. Hata mke wangu, ambaye hakuwa mtu wa kusifu ovyo, akanyoosha shingo kuitazama.

"Nisomee," akasema. Nikamsomea.

Alisikiliza huku vidole vikiendelea na mchele. Nilipomaliza akauliza, bila ubaya wowote, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi, "Sasa baba watoto, miaka yote hiyo, wewe ulikuwa unafanya nini?"

Nikamwambia nilikuwa naumwa koo.

"Hesabu tu ndiyo inayokuumiza koo?" Akacheka kidogo, akatupa jiwe dogo dirishani, akaendelea na mchele wake. Hakujua amenipiga wapi.

Nikaitazama ile barua. Nikamwona afisa wa elimu ameishika, anauliza maneno yaleyale ya mke wangu, ila yeye hachambui mchele. Atakuja kunitazama nikifundisha. Au wataniambia, mwalimu asiye na koo miaka saba apelekwe kwa madaktari, apumzishwe. Nilibakiza miaka minne nistaafu. Nikaona nitakavyotoka kwenye geti la shule, Redio ananisindikiza kwa macho, watu mtaani wanaambiana, kumbe yule mwalimu hata theluthi haijui.

Niliichana vipande vinne. Nikaandika nyingine, mistari minne. Nitaiandika hapa kama ilivyokuwa, maana haijanitoka:

"Ni mtumishi mwaminifu na mwenye bidii. Hugawa na kukusanya madaftari kwa wakati. Husafisha ubao na kuwapeleka watoto msalani. Sina ubaya naye."

Hakuna neno la uongo hapo. Nililitafuta baadaye mara nyingi nikitamani nilikute, nijue ni wapi hasa nilipokosea. Kila neno ni kweli.

Jumatatu niliamka na nia ya kurudi nyuma. Nilifika hadi mlangoni kwa Mwalimu Mkuu nikagonga. Akasema karibu. Nikaingia, nikamwomba boksi la chaki. Akanipa.

Nikampa Bi Vizibo bahasha. Aliipokea kwa mikono miwili na kuinama, kama wanavyopokea watoto zawadi siku ya kufunga shule.

"Asante, Mwalimu. Umeniandikia vizuri?"

"Nimekuandikia kwa mwandiko wangu mzuri kabisa," nikasema.

Aliibeba mwenyewe. Ijumaa alikwenda nayo ofisi ya elimu kwa usaili, amevaa viatu vya kuazima vya dada yake vilivyomzidi, amesokomeza karatasi mbele ili visichomoke. Alipita darasani kwanza kunimiminia maji ya moto. Siku hiyo nzima niliwafundisha watoto mwandiko. Waliandika sentensi moja mara hamsini, mpaka mmoja akauliza kama nimewakasirikia.

Mambo ya huko ofisini nilisikia Jumatatu asubuhi, tena mbele ya walimu wote. Redio alikuwako, alikwenda kufuatilia uhamisho wake, akakaa benchi lilelile karibu na mlango ulio wazi. Akaingia ofisini kwetu mvua inamchuruzika, hata mwavuli hajaukunja.

"Jamani, yule afisa ana mdomo," akasema. "Kafungua bahasha, kaisoma kwa sauti tunasikia wote. Halafu anamuuliza, 'Kwa hiyo dada, miaka saba unawapeleka watoto msalani?' Bi Vizibo anamjibu, 'Ndiyo, na huko pia.'"

Watu wakacheka, lakini kidogo.

"Afisa akamwambia, 'Mwalimu wako hakuandika kwamba umewahi kufundisha. Umewahi?' Yule dada akaitazama ile barua. Kisha akasema, 'Mwalimu wangu ameshaandika.' Basi. Hata hakujitetea. Wakamrudishia fomu yake." Redio akaukunja mwavuli. "Lakini mbona mimi nikipita dirishani namsikia akifundisha? Au nasikia vibaya? Mzee?"

Wote wakanitazama, si kwa ubaya, wakingoja tu niseme. Nikakohoa.

"Mpeni mzee maji," Mwalimu Mkuu akasema.

Wakanipa maji, nikayanywa, na kengele ikalia ikaniokoa. Nilitamani sakafu ipasuke nizame. Nilikwenda darasani nikipita chini ya ukingo wa paa ili nisilowe, nikijua kwamba kipindi cha kwanza ni hesabu, na hesabu ya siku ile ni kujumlisha sehemu.

Bi Vizibo alikuwa mahali pake, kiti kidogo kando ya sanduku. Alinisalimu kama siku zote. Macho yake yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa ileile. Kikombe kilikuwa mezani, kinatoa mvuke. Nikaandika tarehe, nikaandika hesabu ya kwanza kutoka kitabuni: theluthi mbili jumlisha robo moja. Kisha nikakohoa mara mbili, nikaweka chaki kwenye mkebe. Ikalia.

Hakuinuka.

Alikaa ameweka mikono magotini, anatazama ubao. Watoto wakageuka kumtazama yeye, kisha mimi, kisha yeye. Nikakohoa tena. Mvua ilikuwa inapiga mabati mapya na nilisema moyoni labda hakusikia. Nikaitoa chaki nikaiweka tena kwa nguvu. Alisikia. Alinitazama machoni, bila hasira, kama mtu anayesubiri zamu yake dukani.

Nikageukia ubao. Nikajipa moyo, hesabu ya watoto wa miaka kumi, itanishinda nini? Mbili na moja, tatu. Tatu na nne, saba. Nikaandika tatu juu, nikapiga mstari, nikaandika saba chini. Nikaipamba ile saba kwa mkia mzuri.

Kisha binti mmoja wa deski la mbele, mdogo, mwenye meno mawili yaliyong'oka, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, jibu limekuwa dogo."

"Dogo vipi?"

"Tulianza na theluthi mbili, ni zaidi ya nusu. Tukaongeza. Sasa zimebaki pungufu ya nusu. Tumeongeza halafu zimepungua." Hakuwa ananidhihaki. Alikuwa anasikitika kweli, kama mtu aliyeona kuku wake mmoja hayupo.

Wa nyuma mmoja akasema, "Mwalimu kala kipande," na darasa likaangua kicheko.

Nikasimama na chaki mkononi. Niliona watoto wanaacha kucheka mmoja baada ya mwingine, maana mtoto anajua mapema kuliko mtu mzima pale jambo linapoacha kuchekesha. Tisini na wawili. Hata kikohozi hakikuja.

Hapo nikasikia mfuniko wa sanduku. Bi Vizibo alikuwa amesimama, ana maduara ya maboksi mikononi, anapita kati ya madeski akigawa. Alipofika ubaoni akachukua chaki kutoka vidoleni mwangu polepole, kama unavyomtoa mtoto kisu mkononi.

"Mwalimu koo linamsumbua leo sana," akawaambia watoto. "Ameandika hivyo kusudi aone kama mko macho. Na mmoja alikuwa macho. Mpigieni makofi mwenzenu." Wakapiga. "Haya, kila mtu achukue duara lenye vipande kumi na viwili. Theluthi mbili ni vipande vingapi?"

"Vinane!"

"Na robo?"

"Vitatu!"

Nikaenda kukaa nyuma. Njiani nikapita mezani nikachukua kikombe, kwa kuwa watu wote walikuwa wanategemea nikichukue. Maji yalikuwa bado ya moto. Kumi na moja juu, kumi na mbili chini. Kuanzia siku ile hesabu hiyo moja naijua. Ni hiyo tu.

Mwisho wa muhula aliomba uhamisho. Akapewa shule ya ng'ambo ya mto, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Watu walimwambia, usiende, miaka inahesabiwa kwenye shule uliyopo, ukihama unaanza sifuri. Akawajibu anajua kuhesabu. Siku ya kuondoka vijana wawili wa Darasa la Saba walimbebea sanduku, na vizibo vilisikika mpaka wakapita kona. Chupa ya chai aliniachia mezani.

Nikaomba kurudishwa Darasa la Kwanza. Nilisema ni kwa ajili ya koo. Siku nilipostaafu walinipa saa ya ukutani na dumu la asali, na Redio akatoa hotuba ndefu kuhusu dumu hilo. Mke wangu alicheka hadi akatoa machozi. Amekufa bila kujua. Au alijua tangu ule mchele, sikumuuliza.

Bi Vizibo alisota miaka mitano mingine. Mwalimu wake wa huko akamwandikia kurasa tatu. Ofisi ikamlipia, akasoma likizo baada ya likizo pamoja na mabinti wa umri wa kuwazaa, na akawa mwalimu akiwa na arobaini na mbili. Hayo niliyasikia barabarani. Siku hizi natembea sana, nyumba imekuwa kubwa mno kwa mtu mmoja, basi natoka asubuhi naenda popote miguu inapotaka. Siku moja miguu ilivuka daraja.

Nilisikia sauti yake kabla sijaliona darasa. Nikasimama chini ya dirisha kama mwizi mpaka kipindi kikaisha. Aliponiona alinikimbilia, akanishika mkono, akaniingiza, akawaambia watoto, "Simameni. Huyu ndiye mwalimu niliyeanzia kazi kwake." Wakasimama wote, wakaniamkia. Nilitazama chini. Sanduku lilikuwa kwenye kona, 61 imefifia, mtu mwingine asingejua ni namba.

Walipotoka kucheza alinipa kiti chake akakaa kwenye deski. Mvi zimemwingia upande mmoja. Akafungua chupa ya chai, akamimina maji ya moto.

"Koo linaendeleaje, Mwalimu?"

Sikujua kama anatania. Nilimtazama usoni na sikujua.

"Binti yangu," nikasema, "ile barua."

"Mwalimu, hayo ni ya zamani. Kunywa, kabla hayajapoa."

"Niliandika nyingine kwanza. Ya kweli. Niliichana."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayeambiwa mvua ilinyesha mahali fulani. Mtoto akaingia na daftari, akalisahihisha, akamrudishia, akampangusa kamasi. Akaingia mwingine. Kengele ikalia, wakaanza kumiminika ndani, naye akasimama akachukua chaki. Nami nikasimama, fimbo mkononi, na kwa kuwa sikujua kama nitavuka tena lile daraja, nikamuuliza pale pale, watoto wakipita kati yetu kwenda kwenye viti vyao: siku ile ya theluthi mbili ulikuwa umeshasomewa barua yangu, na ulikuwa umeshakaa, na haki yako ilikuwa kukaa. Kwa nini uliinuka?